Shajara ya “Basibasi”: filamu fupi kwenye ghuba ya Morecambe

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Zamu yangu ya upatu imefika. Tuko kumi na wawili, kila mmoja hutoa pauni 150 kwa mwezi, na jana usiku mshika fedha wetu alinipigia kuniambia pauni 1,800 zipo tayari. Nikiziongeza kwenye 2,600 nilizojiwekea kwa zamu za usiku ghalani, nina pauni 4,400. Film London, shirika la kukuza filamu jijini London, walipoanzisha mpango wao wa filamu za bajeti ndogo mwaka 2006, kikomo cha filamu moja kilikuwa pauni 100,000, na hizo zilihesabiwa kuwa pesa za kubana. Zangu hazifiki hata sehemu ya ishirini ya hizo. Lakini yangu ni fupi, dakika ishirini hivi. Ina waigizaji watatu, jiko moja, duka moja na bahari.

Hadithi yenyewe, kwa anayeanza kunifuatilia leo. Mgane mmoja wa Morecambe, mji wa pwani huko Lancashire, kaskazini magharibi ya Uingereza, kila Ijumaa hutengeneza uduvi wa siagi kama alivyokuwa akiutengeneza mkewe. Ni chakula cha pale pale: uduvi wa kahawia wa ghuba ile huchemshwa, humenywa, hukorogwa kwenye siagi yenye viungo, hushindiliwa kwenye vikopo na kumiminiwa siagi nyingine juu hadi igande. Kila Ijumaa anaonja, na kila Ijumaa kuna kitu kimepungua. Mkewe alikuwa na kichupa kisicho na lebo. Kilichokuwamo kimeisha, imebaki harufu. Upande wa pili wa barabara amepanga mwanamke wa Unguja, mfanyakazi wa usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja ananusishwa kile kichupa na anaitambua harufu papo hapo: basibasi, ule utando mwekundu unaokumbatia kokwa ya kungumanga. Ila Kiingereza chake hakijui. Mzee hajui ni kitu gani, mama huyu hajui kinaitwaje huku, basi hakuna kati yao anayeweza kwenda kukinunua peke yake.

Ni hayo tu. Nimekaa nayo miaka miwili kichwani, sasa nataka itoke.

Jumapili, 3 Novemba 2024

Rasimu ya tatu. Nimetoa kurasa nne, zote za maneno.

Kwenye rasimu ya kwanza yule mama alikaa kwenye kibanda cha kusubiri basi akaeleza kwa nini yuko peke yake. Maelezo yenyewe ni ya kweli. Uingereza ilifungua viza ya kazi za kutunza wazee Februari 2022, na kuanzia 11 Machi 2024 waliopewa viza hiyo hawakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto. Mhusika wangu ameingia Juni 2024. Wanawe wawili wako Unguja kwa bibi yao. Nilimpa hotuba ya ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Niliposoma kwa sauti nikajisikia mimi ndiye ninayezungumza, kwa hasira yangu, kupitia mdomo wake.

Hotuba imetoka, imeingia saa. Anamaliza zamu saa moja asubuhi. Unguja ni saa nne, watoto wako darasani. Analala. Anaamka saa tisa alasiri. Kule ni saa kumi na mbili jioni, wako chuo cha Kurani. Anapiga, simu inaita, haipokelewi. Anavaa koti. Nje jua limeshaanza kushuka. Hakuna anayesema chochote, na hapo ndipo nilipoona ile sheria ikifanya kazi yake.

Kwa mzee nako nimefanya hivyo hivyo. Alikuwa akisema “nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke.” Nimelifuta. Sasa anasimama dukani mbele ya rafu ya mikate, mkono unakwenda kwenye mkate wa gramu 800, unasita, unachukua wa gramu 400.

Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, kutokana na kazi iliyoanzishwa na mbunge Jo Cox kabla hajauawa Juni 2016. Haya nimeyaandika kwenye barua ya kuombea ruzuku kwa sababu ni ya maana na wanaosoma barua hizo wanayahitaji. Kwenye skripti sitaki hata neno “upweke” litamkwe. Mtu mpweke hasemi ni mpweke. Anachukua mkate mdogo.

Jumapili, 24 Novemba 2024

Nimempata Mzee. Ni dereva wa basi mstaafu, ana miaka 74, amecheza maigizo ya ridhaa mjini kwao tangu ujana. Tulikutana kwenye mgahawa ulioko karibu na ukuta wa bahari. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza uduvi wa siagi ni nini kwa mhusika huyu. Akaniacha nimalize, kisha akaniambia mama yake alikuwa mmenya uduvi. Ndoo zililetwa nyumbani, wanawake na watoto wakakaa mezani wakimenya kwa malipo ya uzani. Yeye alianza akiwa na miaka sita.

Akaomba sahani. Mwenye mgahawa hakuwa na uduvi wenye maganda wa kumenya, basi Mzee akanionyesha kwa mikono mitupu: unamshika kichwani na mkiani, unamnyoosha, unamsukuma kidogo kama unayefunga darubini, unazungusha, unavuta. Ganda linatoka mzima mzima. Vidole vyake vilikuwa na uvimbe wa baridi yabisi, lakini vilikwenda kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho.

Nimemwambia sitampa skripti nzima. Nimechagua njia anayojulikana nayo Ken Loach, mwongozaji filamu wa Kiingereza: tunashuti kwa mpangilio wa hadithi, tukio la kwanza kwanza, na mwigizaji anapata kurasa za siku ile tu. Kwa filamu kubwa ni gharama, maana unarudi lokesheni ile ile mara tatu. Kwa watu wawili na mtaa mmoja inawezekana. Nataka Mzee anapoambiwa “basibasi” liwe neno ambalo hajalisikia maishani mwake.

Jambo la haraka: uduvi wa ghuba majira yake makubwa ni machipuko na vuli, baridi ikizidi huhama kwenda kina kirefu. Nimenunua kilo tatu wenye maganda, uliochemshwa tayari, nimeugandisha kwenye friza la rafiki. Kama umeme ukikatika kwake, sina filamu.

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Nyumba imetoka mikononi mwetu. Mwenye nyumba tuliyekuwa tumeelewana naye tangu Oktoba amebadili mawazo, kwa ujumbe wa mistari miwili. Sikulala vizuri siku mbili. Nyumba zinazokodishwa kwa ajili ya filamu huku hutozwa kwa siku, na siku mbili zingenimalizia pesa ya chakula na ya mtu wa sauti.

Nilimpigia Mzee kumwambia huenda tukaahirisha. Akasema, “Jikoni kwangu pana nini?” Nilikwenda jana. Jiko lina upana wa mita mbili na nusu, urefu wa tatu. Dirisha moja linatazama kaskazini, juu ya sinki. Mlango wa nyuma haufungi sawasawa, unazuiwa kwa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Kwenye kabati la viungo kuna vichupa ambavyo lebo zake zimefifia kwa mvuke wa miaka mingi. Mkewe alifariki mwaka 2019. Hakuwahi kunitajia kabla ya jana.

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Nikamwambia tutatumia vichupa tulivyoleta sisi, vyake tutavihamisha. Akasema viache vilipo.

Dirisha la kaskazini ni zawadi, mwanga wake hauhamihami. Ila siku ni fupi mno. Kipindi hiki jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Tumeamua kushuti wikendi mbili za mwanzo wa Februari, jua linapochomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja, na pia ili tumalize kabla ya Ramadhani. Filamu ya kuonja haishutiwi mchana wa Ramadhani.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Mazoezi yalikuwa yawe jana, dhoruba Éowyn ikayavunja. Leo upepo umepungua, tumekutana jikoni kwa Mzee: mimi, Mzee, na Dada.

Dada si mwigizaji. Ni mzaliwa wa Unguja, upande wa Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo, na huku anafanya kazi ile ile anayoifanya mhusika wangu. Nilimjua kwenye shughuli ya maulidi Preston, alikuwa akigawa chakula, na nilimwona anavyonyamaza. Mtu anayejua kunyamaza mbele ya watu anafaa mbele ya kamera. Alinikatalia mara tatu. Mara ya nne akasema, “Haya mdogo wangu, lakini nisilie.” Nikamwahidi hatalia.

Nilitoa mfuko mmoja wa uduvi kwenye friza ili wazoee. Dada akaangalia ndani ya bakuli, akaniuliza kwa Kiswahili, “Huu wanaumenya? Mmoja mmoja?” Kwetu uduvi huanikwa juani, unapikwa mzima mzima kwa nazi, nani ana siku ya kumenya kitu kidogo kama kucha? Mzee hakuelewa neno hata moja, lakini aliuelewa uso wake, akacheka, akavuta kiti. Akamfundisha. Dakika kumi za kwanza Dada aliharibu wote. Halafu kidole gumba kikashika mahali panapotakiwa, ganda likatoka zima, akaliinua juu kumwonyesha Mzee. Naye akainua la kwake.

Kamera ilikuwa kwenye begi. Sikuthubutu kuitoa. Usiku huu nimeandika tukio jipya, ukurasa mmoja, bila maneno, mahali pa mazungumzo ya kurasa mbili niliyokuwa nimeyapenda sana.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Siku ya kwanza. Tuko sita: Dada, Mzee, mpiga picha, mtu wa sauti, kijana wa chuo anayesaidia kila kitu, na mimi. Kila mtu analipwa. Si nyingi, lakini hakuna anayefanya kwa hisani.

Leo mwezi uko siku chache baada ya kuandama, basi ni bamvua, maji makubwa. Niliitafuta siku hii makusudi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikijua bamvua hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na mchana wa saa nne ni wakati wa kwenda miambani. Morecambe mambo ni tofauti: bamvua yao hujaa karibu na adhuhuri. Tena si maji ya kupanda mita nne kama ya kwetu, ghuba hii maji hupanda na kushuka hadi mita kumi. Asubuhi ulikuwa unatazama mchanga mpaka macho yanakoma, kufika saa saba maji yanapiga ukuta. Nilimwandikia Dada sini, yaani tukio, ya kusimama pale akitazama. Sikumwelekeza kitu. Alisimama, akaangalia kushoto kwake, kulia kwake, akahesabu kitu kwenye vidole. Baadaye nilipomwuliza alisema alikuwa anatafuta kwa nini saa za maji si za kwao.

Sasa mabaya. Betri tulizokodi pamoja na kamera zilikuwa zimechoka, na baridi ikazimaliza kabisa. Ile iliyoandikwa saa moja na nusu ilitupa dakika ishirini na tano. Kijana alizibeba ndani ya koti, kwapani, tukawa tunabadilisha. Na upepo. Tulivisha maikrofoni manyoya yake, tukaweka mwavuli, mpiga picha akajifanya ukuta. Sini ya kibandani, pale wanapozungumza kwa mara ya kwanza, haifai kitu. Mtu wa sauti alivua vifaa vyake vya masikioni akanitazama tu.

Maneno ya sini ile yalikuwa manane. Nimekaa kitandani nayasoma tena. Nadhani matano hayana kazi.

Jumapili, 2 Februari 2025

Jikoni. Siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kwenye kazi hii.

Friji ya Mzee inanguruma. Mtu wa sauti aliizima, kisha akaingiza funguo za gari lake ndani, juu ya vikopo vya siagi. Nikamwuliza. Akasema ukizima friji ya mtu, weka ndani yake kitu ambacho huwezi kuondoka bila ya hicho, ndivyo hutasahau kuiwasha. Nimejifunza leo na nitakufa nalo.

Vikopo vya uduvi vilikuwa kumi na moja. Kila tukirudia, kisu lazima kikute siagi nzima, tambarare, isiyoguswa, kwa hiyo kila mara ni kikopo kipya. Siagi ikitoka kwenye friji moja kwa moja huwa ngumu, kisu kinaivunja vipande. Ikikaa sana inang'aa na kutokwa jasho. Tuligundua dakika kumi na mbili nje ya friji ndizo sawa. Kijana alishika saa. Kikopo cha kwanza, cha pili na cha tatu viliharibika. Cha nne, Mzee akaingiza ncha ya kisu pembeni, akazungusha kama anayefungua saa ya mkononi, tabaka la manjano likanyanyuka kwa upande mmoja na harufu ikatoka. Niliisikia nikiwa mlangoni, maana humo ndani hapakuwa na nafasi yangu. Akapaka kwenye mkate uliochomwa, siagi ikaanza kuyeyuka kwenye kingo, akamsogezea Dada sahani.

Skripti ilisema: anaonja, anatikisa kichwa, anasema “bado.” Dada alionja. Hakutikisa kichwa. Akaweka mkate chini, akachukua kile kichupa kitupu, akakifungua, akanusa, akafumba macho na kukaa hivyo. Mpiga picha hakukata, nami sikukata. Ilipita kama nusu dakika. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba kingine: “Basibasi.”

Mzee hakuwa na ukurasa unaomwambia ajibu nini. Akasema, “Bazi nini, love?” Ndipo nikasema kata, kwa sababu mtu wa sauti alikuwa anafuta macho na nilihofia atagusa vifaa.

Tulirudia mara sita zaidi, kwa usalama. Najua ni ipi nitakayoitumia.

Jumatano, 5 Februari 2025

Hatushuti leo. Nimepanda treni kwenda Morecambe baada ya zamu, nimekaa kwenye gati la mawe. Usiku wa tarehe kama ya leo, mwaka 2004, wachimba kome wa Kichina wasiopungua 21 walizama kwenye ghuba hii. Walikuwa wameletwa gizani kwenye mchanga, wakafanyishwa kazi huku maji yakiwazunguka kutokea nyuma, kwenye mikondo, kama yanavyofanya hapa. Walipiga simu nyumbani China. Baada ya hapo bunge lilipitisha sheria ya kuwapa leseni wanaokodisha vibarua.

Wikendi ijayo tunashuti mchanga ukiwa mtupu. Nilikuwa nimepanga Mzee na Dada watembee mbali, wawe nukta mbili kwenye picha. Picha ya namna hiyo kila mtu anaijua, inapendeza, na ningeipata bure. Nimeifuta. Ghuba hii ina mwongozaji rasmi wa kuvusha watu mchangani tangu karne ya 16, na kuna sababu. Watakaa ngazini, miguu chini, hawatakanyaga.

Jumapili, 9 Februari 2025

Tumemaliza kushuti.

Jana ilikuwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mchana yamekupwa, mbali huko mstari tu wa kijivu na juu yake vilima vya Lake District vina theluji. Ngazini walikaa saa nzima wakimenya. Tulichukua dakika arobaini za mikono.

Leo dukani, Lancaster, duka la familia moja ya Kihindi. Hii ndiyo sini iliyonitesa kwenye skripti, kwa sababu kwenye maduka makubwa viungo vimefungwa kwa plastiki, huwezi kunusa. Hapa vipo vya kupima. Mzee na Dada wanapita pipa kwa pipa, kila mmoja ananusa kisha anamwachia mwenzake, wanatikisa kichwa, wanaendelea. Binzari, hiliki, mdalasini, mbegu za giligilani. Mwenye duka, ambaye ameigiza kama mwenye duka, anawatazama, anakiomba kile kichupa, ananusa mara moja tu: “Javitri.” Anavuta droo. Dada akaona vile vipande vya rangi ya chungwa, vikavu kama makucha ya ndege, akaingiza mkono kabla hajaruhusiwa.

Ndivyo kitu kimoja kilivyopata jina la pili, na la Kiingereza bado halijatamkwa. Halitatamkwa. Nimelikata kwenye skripti saa mbili kabla ya kushuti.

Matumizi hadi leo: kamera na lenzi 950, sauti 900, mpiga picha 900, waigizaji na kijana 800, chakula 310, nauli 240, bima 165. Imebaki pauni 135, na uduvi nusu kilo.

Jumapili, 2 Machi 2025

Mkato wa kwanza ni dakika 31. Ni mrefu mno, na kosa ni langu: nilipenda kila kitu.

Ile sini ya kibandani iliyoharibiwa na upepo nilikuwa nimepanga kuwarudisha Mzee na Dada wairekodi upya sauti chumbani. Niliiweka bila sauti ili nijue urefu wake tu. Nikaitazama mara nne. Mzee anasema kitu, upepo unakichukua, Dada anainamisha sikio, Mzee anaacha, anaonyesha nafasi kwenye benchi. Dada anakaa. Imebaki hivyo, chini yake tumeweka upepo wenyewe, ule ule wa siku ile. Maneno manane yote yameondoka, hata yale matatu niliyoyatetea.

Lakini si kila kitu kinapona kwa kunyamazishwa, na nasema hivi kwa sababu nimejaribu. Ile simu ya Unguja niliikata nayo, filamu ikawa haieleweki. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha alidhani Dada hana mtu duniani. Nimeirudisha. Mlio wa simu unaoita Unguja unasikika mara mbili sasa, asubuhi na alasiri.

Jumapili, 23 Machi 2025

Wiki tatu za maandishi ya chini ya skrini, yale ya tafsiri. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili.

Kwa watazamaji wa Kiswahili: Mzee anamwita Dada “love”, kama wanavyoita watu wa kaskazini kila mtu, muuza tiketi, mtoto, fundi bomba. Ukiandika “mpenzi”, mtazamaji wa Tanga au Mombasa atasubiri mambo ambayo hayapo, na filamu yote itapinda. Niliandika “dada yangu”, haikukaa, umri haukubali. Dada mwenyewe ndiye aliyenitatulia, tumekaa baada ya futari, anakula tambi: “Ananiita mwanangu. Si unasikia anavyosema?” Nimesikiliza tena. Ni kweli. Kila mahali ni “mwanangu.”

Kwa watazamaji wa Kiingereza shida ni “shikamoo.” Kwenye mlango wa Mzee, siku ya kwanza jikoni, Dada aliisema chini ya pumzi, haimo kwenye skripti, imemtoka kwa malezi. Kiingereza hakina salamu ya mdogo kwa mkubwa. Nimejaribu “habari za asubuhi” ya kwao, ni uongo. Nimejaribu “nakuheshimu”, ni kama bunge. Nimeamua liandikwe lenyewe, “Shikamoo,” kwa herufi za mlazo. Mzee hakuitikia kwa sababu hakujua inaitikiwaje. Nilimfundisha wiki iliyopita kwa simu. Sasa kila nikimpigia anataka nianze mimi.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Filamu imefungwa. Dakika 19 na sekunde 40.

Limebaki jambo moja lililokuwa likibishaniwa. Tukio la mwisho, Mzee yuko peke yake jikoni, Ijumaa nyingine. Anakata kipande cha karatasi, anaandika kwa herufi kubwa za mtu asiye na hakika: BAZIBAZI. Anakibandika kwenye kichupa cha mkewe, kilichojaa sasa. Anakisoma kwa sauti. Mpiga picha alitaka maandishi ya chini yaeleze kwa Kiingereza ni kiungo gani, akisema mtazamaji wao amengoja filamu nzima na ana haki ya kujua. Mtu wa sauti alikubaliana naye. Nilimtumia Dada kipande hicho kwa simu. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia kengele za wazee wanaoita wauguzi: “Wewe, Mzee keshasema. Unataka kuandika nini tena?”

Nimefuta maandishi. Kopi ya kwanza imetoka saa nane usiku. Kesho ni zamu ya mchana. Nikitoka napanda treni ya saa kumi na mbili kumpelekea Mzee, na ule uduvi uliobaki.